Moto Uliovuka Maji Meusi

Baada ya mazungumzo yetu ya majuma machache yaliyopita kuhusu reli, msikilizaji mmoja wa Nairobi aliniandikia barua yenye swali moja tu. Anasema kila apitapo karibu na soko la Kariokor hukumbuka kwamba pale jirani ndipo Wahindi wanapochomea maiti zao. Naye anauliza: je, huko kwao India walifanya hivi hivi, au haya ni mambo waliyoyazua huku?

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja, lakini swali hili lina kina kuliko linavyoonekana. Moto ule wa Kariokor umesafiri safari ndefu. Upo mahali pengine ulipozuiwa kuwaka kwa zaidi ya karne moja. Upo mahali pengine ulipofungiwa ndani ya nyumba na kuwashwa kwa kubonyeza kidude ukutani. Na huku kwetu umeruka ua na kuingia katika nyumba za watu ambao si Wahindu hata kidogo. Basi tuufuate.

Kwanza tuweke majina sawa, maana sisi Waswahili tumezoea kuwatia wote katika kapu moja. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Anaweza kuwa Mwislamu wa Ismailia au Bohora, anaweza kuwa Mgoa Mkatoliki, anaweza kuwa Singasinga mwenye kilemba. Mhindu ni yule anayefuata dini ya Kihindu, ambaye wazee wetu wa pwani walimwita Baniani. Mwislamu wa Kihindi huzika kama Mwislamu mwingine yeyote. Wanaochoma ni Wahindu, Masingasinga na Wajaini. Leo tutazungumza zaidi juu ya Wahindu.

Kwa Mhindu, kuchoma maiti si njia ya kuuondoa mwili usisumbue. Ni ibada. Jina lake kwa Kisanskriti ni antyeshti, yaani sadaka ya mwisho. Mtu ametoa sadaka motoni maisha yake yote, akimimina samli na nafaka mbele ya moto wa arusi, wa kuzaliwa mtoto, wa kuhamia nyumba mpya. Siku ya kufa anatolewa yeye mwenyewe. Mwili huoshwa, huvikwa sanda, hulazwa juu ya kuni, na mwana mkubwa wa kiume huuzunguka kisha hutia moto. Siku chache baadaye majivu hupelekwa mtoni, na mto ulio bora kuliko yote ni Ganga. Halafu huja siku za matanga, ambazo kwa desturi ya wengi hufika 13, na katika siku hizo familia hutoa tonge za wali kwa ajili ya marehemu, ili apate mwili mpya wa kusafiria kwenda kwa wazee waliotangulia. Kwa imani yao, asiyefanyiwa haya hubaki akitangatanga. Watoto wachanga na watawa huzikwa, lakini hao wana sababu zao.

Ukiitazama orodha hii utaona inahitaji vitu vingi: kuni, samli, kuhani, mwana wa kiume, mto mtakatifu, ndugu wa kula pamoja, na siku 13 za kukaa bila kazi. Mjini Varanasi unahitaji pia watu wa tabaka la Dom, ambao kwa vizazi vingi ndio walinzi wa moto wa maiti, na ambao watu wa matabaka ya juu hawataki hata kuwagusa. Kijijini vyote hivi vipo. Je, ukipanda jahazi?

Hapo ndipo shida ilipoanzia, tena ilianza hata kabla ya jahazi kung'oa nanga. Wahindu wengi wa matabaka ya juu waliamini kwamba kuivuka bahari, waliyoiita Maji Meusi, kulimtoa mtu katika tabaka lake. Mohandas Gandhi alipotaka kwenda London kusoma sheria mwaka 1888, wazee wa tabaka lake walimtenga. Aliporudi mwaka 1891, kaka yake alimpeleka Nasik akaoge katika mto mtakatifu, ndipo baadhi ya jamaa wakakubali kula naye. Na huyo alikuwa mtoto wa waziri mkuu wa dola ndogo, aliyekwenda na kurudi kwa hiari yake. Sasa mfikirie kibarua.

Baada ya Uingereza kukomesha utumwa katika makoloni yake, wenye mashamba ya miwa walitafuta mikono mingine, wakaipata India. Kuanzia mwaka 1834 meli zilikwenda Mauritius, kisha Guyana, Trinidad, Natal, Suriname na Fiji. Watu zaidi ya milioni moja walitia alama ya kidole gumba katika mkataba wa miaka mitano. Mkataba wenyewe kwa Kiingereza ulikuwa "agreement". Vibarua wakalitafuna neno hilo likawa "girmit", na wao wenyewe wakajiita girmitiya, watu wa girmit. Msicheke. Sisi nasi tulitafuna "Carrier Corps", lile jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor hiyo hiyo ya Nairobi. Maneno ya wakubwa huingia vinywani mwa wanyonge na kutoka na sura nyingine, na mara nyingi sura hiyo ndiyo inayodumu.

Nataka tukae kidogo Trinidad, kwa sababu kisa cha huko ndicho kinachojibu swali la msikilizaji wetu vizuri zaidi. Meli ya kwanza, Fatel Razack, ilitia nanga tarehe 30 Mei 1845 ikiwa na Wahindi zaidi ya 200. Hadi uandikishaji uliposimamishwa mwaka 1917, walikuwa wamefika zaidi ya 140,000, wengi wao Wahindu kutoka bonde la mto Ganga. Hawa ni watu waliokulia kando ya mto ule ule ambao kila mtu hutamani majivu yake yatiwe ndani yake. Walipofika Trinidad wakakuta serikali ya Kikristo isiyowapa nafasi ya kuchoma maiti. Wafu wao wakazikwa.

Wakazika mwaka baada ya mwaka, baba, mwana na mjukuu. Wala si mazishi peke yake. Ndoa iliyofungwa na kuhani wa Kihindu mbele ya moto haikutambuliwa na sheria hadi katikati ya miaka ya 1940. Mtu aliishi na mkewe miaka 40, wakazaa watoto 8, na katika vitabu vya serikali watoto wote wakawa wa nje ya ndoa, na urithi wao mashakani.

Wakati huo huo, huko Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa yamekwisha badilika. Mwaka 1884 daktari mmoja wa Wales, William Price, mzee mwenye vituko vingi, alishitakiwa kwa kujaribu kumchoma mtoto wake mchanga aliyekufa. Jaji akaamua kwamba kuchoma maiti si kosa, mradi jirani asipate bughudha. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kuchomana huko Woking kwa utaratibu rasmi, na mwaka 1902 Bunge lao likatunga sheria ya kusimamia jambo hilo. Kwa hiyo Mwingereza wa London asiyeamini lolote aliweza kuchomwa kwa sababu ya usafi na kuokoa ardhi, naye Mhindu wa Trinidad, ambaye kwake moto ule ni amri ya dini, alitiwa udongoni chini ya bendera hiyo hiyo moja. Mimi katika kusoma historia ya ukoloni nimekutana na mambo mengi ya ajabu, lakini hili nimelitafutia maelezo ya heshima nikayakosa.

Sheria ya kuruhusu uchomaji ilipatikana Trinidad mwaka 1953. Hesabu: kutoka 1845 hadi 1953 ni miaka 108. Tasbihi ya Kihindu ina shanga 108. Sisemi kwamba kuna siri hapo, nasema tu kwamba mtu angeweza kuihesabu tasbihi nzima, shanga moja kwa mwaka, kabla ya kuruhusiwa kumchoma baba yake.

Sasa swali ni hili: katika muda huo wote, ibada ilikufa? La hasha. Walizika, lakini maiti iliendelea kuoshwa kwa taratibu zake. Walizika, lakini siku 13 hawakuziacha. Tonge za wali zilitolewa, na karamu ya kumaliza matanga ilifanywa. Kile kilichokatazwa kilitolewa katikati, na vile vya pembeni vikashikwa kwa nguvu zaidi, kama watu wanaoshika miguu ya meza iliyong'olewa ubao. Na siku ubao uliporudishwa miguu ilikuwa bado imesimama. Leo ukifika kando ya mto Caroni utakuta maiti zinachomwa kwa kuni, mahali pa wazi, mbele ya watu, kwa namna ambayo mjukuu wa Mhindu aliyehamia London hajaiona na pengine hataiona.

Yupo mtu mmoja wa huko ambaye lazima nimtaje. Jina lake Sewdass Sadhu, kibarua wa shamba la miwa, mtu asiye na mali. Mwaka 1947 alijenga hekalu dogo ufukoni mahali paitwapo Waterloo. Ardhi ilikuwa ya kampuni ya sukari. Kampuni ikamwambia abomoe, akakataa. Akafungwa siku 14 na hekalu likabomolewa. Alipotoka akatoa hoja ambayo hakuna wakili aliyemfundisha: kama nchi kavu yote ina mwenyewe, bahari ni ya nani? Akaanza kujenga ndani ya maji. Maji yalipokupwa alibeba mawe na saruji kwa baiskeli yake, akimwaga kidogo kidogo, miaka mingi, watu wakimcheka. Alifariki mwaka 1970. Bahari ilikuwa imeanza kulila jengo lake, lakini mwaka 1995, nchi ilipoadhimisha miaka 150 tangu meli ile ya kwanza, hekalu lilijengwa upya kwa heshima, na hadi leo linaitwa Hekalu la Baharini. Kando yake, pale pale ufukoni, pana mahali pa kuchomea maiti.

Turudi huku kwetu. Mabaniani wa Kachchh na Gujarati walifika Unguja kwa majahazi ya kusi na kaskazi zamani kabla ya Mwingereza. Walikuwa matajiri wakopeshaji, na nyumba ya Jairam Shivji iliendesha forodha ya Sultani kwa miaka mingi katika karne ya 19. Masultani wa Oman walikuwa Waislamu, lakini waliwaacha Mabaniani na dini yao, na nionavyo mimi sababu si upole mtupu. Mtu anayekukusanyia ushuru humchagulii namna ya kumhifadhi mfu wake. Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na 6,000 na zaidi wakabaki. Nyuma yao wakaja wenye maduka, makarani, mafundi na walimu.

Hawa wa Afrika Mashariki hawakungoja miaka 108. Serikali ya kikoloni iliwaacha wachome tangu mwanzo. Tofauti ilikuwa nini na Trinidad, ilhali mtawala ni yule yule? Tofauti, kwa maoni yangu, ilikuwa mfuko na chama. Kibarua wa miwa alikuwa peke yake katika kambi ya tajiri. Mfanyabiashara wa Nairobi alikuwa na jumuiya iliyosajiliwa, yenye mwenyekiti, mweka hazina na barua yenye nembo. Arya Samaj ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1903, wakati mji wenyewe ulikuwa bado mabati na matope. Ukiwa na chama unaomba kiwanja, na ukiwa na kiwanja unachoma.

Hata hivyo msidhani kwamba ibada ilifika huku nzima nzima. Kumbukeni wale Madom wa Varanasi. Hawakupanda jahazi. Hakuna tajiri aliyemlipia nauli mtu wa tabaka la chini aje Nairobi kupanga kuni za maiti. Basi nani alizipanga? Vijana wa Kiafrika. Kazi ambayo India ilifungwa katika damu ya ukoo mmoja, huku ikawa kibarua cha mwisho wa mwezi. Mtu wa Machakos au Murang'a ndiye aliyejifunza kuni zipi zinashika vizuri wakati wa mvua na samli inamiminwa wapi. Mipaka ya tabaka, ambayo wahubiri wa mageuzi India walipigana nayo kwa vitabu na hotuba, hapa ilibomoka kwa kukosa mtu wa kuisimamia. Sisemi ubaguzi uliisha. Sote tunajua Mwafrika aliyepanga kuni zile aliingilia mlango gani alipokwenda nyumbani kwa tajiri. Ila ule wa kuchagua mkono gani uguse maiti, huo ulipungua.

Mageuzi yenyewe nayo yaliletwa melini. Arya Samaj, iliyoasisiwa India mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, ilifundisha kwamba tonge za wali kwa wafu hazina msingi katika Veda, na kwamba kuzaliwa Brahmini si cheo. Wapunjabi wengi wa Kenya walilifuata fundisho hilo. Wagujarati wengi waliendelea na desturi za zamani. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Nairobi ungeweza kukuta nyumba mbili zenye msiba, moja imemaliza mambo kwa siku nne, jirani yake bado anahesabu hadi 13, na kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye anayefuata ya India.

Halafu kuna habari ya mto. Ganga uko mbali, na si kila familia iliweza kumpeleka mtu Haridwar na chombo cha majivu mkononi. Hapa Wahindu wana ufundi ambao dini nyingi hazina. Katika maombi yao ya kila siku iko dua ya kuita mito mitakatifu, Ganga, Yamuna, Saraswati, Narmada na mingineyo, ije ikae ndani ya maji yaliyo mbele ya mwombaji, hata kama ni maji ya kopo. Kwa dua hiyo mto wowote waweza kuwa Ganga. Mauritius kuna ziwa la mlimani, Grand Bassin, ambalo mahujaji walianza kulitembelea mwaka 1898. Mwaka 1972 maji ya Ganga yenyewe yaliletwa yakamiminwa humo, na ziwa likaitwa Ganga Talao. Siku ya Mahashivaratri mahujaji huenda huko kwa miguu kwa malaki. Watu wa Mombasa hupeleka majivu baharini. Na Jinja, pale Naili inapotoka ziwani Victoria, sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa majini mwaka 1948. Mtu yule yule aliyeogeshwa Nasik ili asafishwe na uchafu wa kuvuka bahari, sehemu yake imelala ndani ya mto wa Afrika, na hakuna mzee wa tabaka aliyelalamika.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 walikwenda Uingereza, na wengi walielekea Leicester, ingawa baraza la mji huo lilikuwa limelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikwenda, na leo sherehe za Diwali za Leicester zinasifiwa kuwa kubwa kuliko karibu zote nje ya India. Kifo, hata hivyo, hakina taa za Diwali. Huko walikuta tanuri la gesi la halmashauri, na zamu ya nusu saa au dakika arobaini kwa kila familia. Maiti ambayo Nairobi ingechomwa siku hiyo hiyo, Leicester ilingoja siku kadhaa katika friji. Jeneza, ambalo Mhindu hakulijua, likawa lazima. Zile ibada zilizofanywa kando ya kuni sasa zikahamia sebuleni: jeneza linaletwa nyumbani, linafunuliwa, kuhani anatia maji ya Ganga, majani ya tulsi ambayo ni ndugu ya mrehani wetu, samli kidogo na vipande vya msandali. Halafu msafara kwenda tanurini, na mwana mkubwa, badala ya kushika kinga cha moto, anabonyeza kidude. Kwa majivu, familia nyingine hukodi mashua katika mto Soar.

Jambo jingine likaingia kimya kimya. Familia ya huko ina watoto wawili, pengine wote wa kike. Nani atabonyeza? Binti akabonyeza. Nimezungumza na wazee wa Kigujarati wanaosema kwamba kule kijijini wanawake hawakufika hata penye moto, walibaki nyumbani. Ugenini wamefika, wamesimama mbele, na wamesoma wasifu wa marehemu. Jambo hili halikuletwa na mkutano wowote wa maulamaa wa Kihindu. Lililetwa na uchache wa watu na ukubwa wa chumba, kwa maana ukumbi wa tanuri una viti, na mwenye kiti hufukuzwi.

Wako waliosema hapana, tumepunguza mno. Mzee Davender Ghai wa Newcastle aliiomba halmashauri ya mji kibali cha kuchomwa kwa kuni akifa, juani, kama wazee wake. Wakamkatalia kwa sheria ile ile ya 1902. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikamshinda. Akakata rufani. Kumbe, alipohojiwa vizuri zaidi, mzee hakudai uwanja mtupu: angeridhika na jengo lenye kuta na paa lenye uwazi, mradi moto uwe wa kuni na mwanga wa jua ufike mwilini. Tarehe 10 Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba jengo la namna hiyo ni jengo kwa maana ya sheria, na hivyo hakuna kosa. Nilipoisoma hukumu hiyo nilimkumbuka Sewdass Sadhu na bahari yake. Wote wawili walishinda kwa kuyauliza maneno ya sheria swali ambalo mwandishi wake hakulifikiria. Na Waingereza walikuwa na kumbukumbu fupi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari 53 wa Kihindu na Kisingasinga waliofia hospitalini Brighton walichomwa kwa kuni juu ya kilima, mahali pa wazi, na mwaka 1921 Mwana wa Mfalme alizindua mnara wa marumaru pale pale. Wakati wa kufa kwa ajili ya mfalme, kuni hazikuwa tatizo.

Sasa nimrudie msikilizaji wetu, maana najua swali lake lina mkia. Siku hizi pale Kariokor haendi Mhindu peke yake. Mwaka 2002 Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana, Manasses Kuria, alimchoma mkewe Mary, na Kenya nzima ikashika kichwa. Watu walikuwa hawajasahau kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kukaa mochari hadi Mei 1987 huku mjane wake na ukoo wakigombania mahakamani ni udongo wa wapi utakaomla. Katika nchi ambamo udongo wa kuzikia ni hati ya ukoo, mkuu wa kanisa anachagua moto wa Baniani! Walinena mengi. Askofu hakubadili neno, na alipofariki yeye mwaka 2005 akachomwa vile vile. Profesa Wangari Maathai alifuata mwaka 2011, kwa mazishi ya kitaifa, katika jeneza la mafunjo, magugu maji na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kenneth Matiba alichomwa Lang'ata mwaka 2018, naye Bob Collymore wa Safaricom Kariokor mwaka 2019.

Wahenga walisema Baniani mbaya kiatu chake dawa. Methali hii ina kejeli ya zamani ambayo siipendi, lakini tazameni ilivyotimia. Wanaokwenda sasa wanakwenda kwa sababu zao: bei ya mazishi, uhaba wa makaburi Nairobi, kuepusha magomvi ya shamba, au kukataa tu msururu wa magari na mahema. Kuhani wa Kihindu hayupo. Anayesoma ni mchungaji, na nyimbo ni za Kikristo.

Na siku ya pili, majivu yakipoa, Wakenya wengi wa namna hii hawaendi mtoni. Mabaki ya Profesa Maathai yalipelekwa katika chuo cha mazingira chenye jina lake, huko Kabete, yakazikwa ardhini.